Sauti ya Kumi

...kwa hivyo si waya, waya zote amebadilisha, wala si umeme, umeme wa Nyeri leo umetulia tangu asubuhi, ni foleni tu, foleni ndani ya mashine, na kidole cha Gladwell kiko juu ya kitufe kikubwa cha kibodi na hakijabonyeza, na chai iko pale kando inatoa mvuke, na Mwalimu Kinoti wa kwaya anauliza kutoka mlangoni, mara ya nne tangu chakula cha mchana, "Gladwell, bado?" naye anajibu, "Bado kidogo, Mwalimu," kwa ile sauti ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe, kwa sababu kompyuta ni yao wote wawili lakini kuharibika kwake ni kwa Gladwell peke yake, ndivyo ilivyosemwa Jumanne, "wewe ndio uligusa mwisho," akasema Kinoti, wala hakusema kwa ukali, angekuwa mkali ingekuwa nafuu, alisema kwa huruma, akamshika bega, na Gladwell akainamisha kichwa akaanza kutafuta kosa lake, siku ya tatu sasa analitafuta, leo Alhamisi, saa tisa na nusu, na saa kumi kamili Mzee Wahome wa baraza la kanisa atapanda hizi ngazi za nyuma ya duka la mbegu, atavua kofia, atakaa kwenye kile kiti cha plastiki na kusema haya, tusikie huo wimbo, na akiukubali utatiwa kwenye kaseti moja safi upelekwe Nairobi ukatolewe nakala mia tano, na akisikia kile kikwaruzo... Ngai, kile kikwaruzo! Kinanda kinaanza vizuri, gitaa linaingia, halafu kwaya ikifungua mdomo tu sauti inakatika krr, krr, na mara nyingine mashine yote inaganda, picha inasimama, hata mshale hausogei, na Jumamosi haikuwa hivyo, Jumamosi alirekodi mwenyewe, akaimba mwenyewe ubeti wa pili, akausikiliza kutoka mwanzo hadi amina na ulikuwa safi kama maji ya mlima, sasa aligusa nini? Aligusa nini jamani kati ya Jumamosi na Jumanne, na Jumatatu hata hakuwako, Jumatatu alikuwa Karatina na mama kwa daktari wa macho.

"Tuweke picha ya mlima," anasema Kabura huko nje, wanapanga karatasi ya kufunika kaseti, Gladwell anamsikia kwa sikio la kushoto kwa kuwa hedifoni ameivaa upande mmoja tu, "mlima kila mtu anaupenda," na Kinoti anasema mlima uko kwa kila kaseti, Kabura anacheka, Kabura rafiki yake wa tangu darasa la tano, ndiye aliyeleta hii chai, na jana aliileta, na juzi, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, nani katika dunia hii hupaka mkate pande zote mbili... lakini foleni, arudi kwa foleni. Ndani ya kompyuta kuna mfanyakazi mmoja tu, mmoja, na programu zote zinampangia foleni kama akina mama na madebe yao kwenye mashine ya posho pale Chaka, huyu asagiwe kidogo asogee, yule naye kidogo, na kama kazi ni ya kuandika barua haidhuru, barua ikingoja haiozi, lakini sauti haingoji, sauti ikikosa zamu yake mara moja tu imekatika na sikio limejua, ndiyo maana Yahye wa Nanyuki, aliyewauzia hii mashine na kuwawekea ule mfumo wa bure aliotumiwa na binamu yake kwenye CD, alimpa Gladwell karatasi kumi na nne za kueleza namna ya kuipa programu ya sauti zamu ya kwanza, isipange foleni na wengine, akitaka mfanyakazi ampate saa hiyo hiyo, na Kinoti alizisoma akasema hii ni Kigiriki, lakini Gladwell alielewa upesi kwa sababu amezaliwa Chaka, na pale Chaka mwenye msiba hapangi foleni, debe lake likionekana tu mlangoni akina mama wote husogea, watu wamekuja kulia na watakula ugali, wala hakuna anayenuna. Sauti ni mwenye msiba. Basi akaipa nambari kubwa kuliko zote, tisini na tisa, akafikiri ndio wema, na mashine ikaganda mara tatu mpaka ang'oe waya ukutani, kwa nini, leo ndipo amejua kwa nini, karatasi ya kumi na tatu ilikuwa imegandana na ya kumi na nne kwa mafuta ya mandazi, akazibandua kwa kucha saa saba, na hapo chini kabisa imeandikwa kwamba ukimpa mmoja zamu ya kwanza mbele ya wote, hakikisha umeacha mlinzi juu yake, dirisha moja dogo lenye nambari kubwa zaidi, kwa sababu huyo wa kwanza akipotoka hakuna mwingine atakayepata nafasi ya kumwambia basi. Hakuna atakayemwambia basi. Siku tatu anang'oa waya ukutani kwa sababu ya mafuta ya mandazi, angecheka kama kungekuwa na nafasi ya kucheka.

Sasa ameandika, sauti hamsini, mlinzi sitini, amesoma mara mbili, na kidole kinashuka, kitufe kinalia tk, na mashine... haikuganda. Haikuganda! Mshale unasogea, mlinzi anamkonyezea pale pembeni na kale kamstari kake, na Gladwell anavuta pumzi ambayo ni kama aliishika tangu Jumanne, anataka kuita Mwalimu, anataka kusema nimeipata, lakini kwanza ahakikishe, karatasi zinasema unaweza kumuuliza mlinzi, huyo aliyepewa zamu ya kwanza ameshika nini mkononi, basi anamuuliza, na majina ya faili yanashuka moja moja, kinanda, gitaa, ngoma, kayamba, soprano, alto, tena, besi, hizo nane, na ya tisa ni yake, gladwell, ya Jumamosi, na chini yake... chini yake iko nyingine. Anahesabu tena kwa kidole juu ya kioo, kama mtoto, kinanda, gitaa, ngoma, kayamba, soprano, alto, tena, besi, gladwell, kabura. Kabura. Ya Jumatatu, saa nane na dakika kumi. Kumbe ndiyo maana, anasema moyoni, na kwa dakika nzima anafikiria mashine tu, haki ya nani, anafikiria mashine, kumbe ndiyo maana inakwama, hii diski ya zamani ilizoea kubeba sauti tisa na sasa imebebeshwa kumi, kumbe si mimi niliyeharibu, anafurahi, ndivyo mtu alivyo, nyumba inaungua naye anafurahi kuona mwanga, halafu furaha inatulia kidogo na swali linakuja taratibu, Kabura ni alto, sauti yake imo humo kwenye alto na wenzake watatu, sasa hii ya peke yake ni ya nini?

Anavaa hedifoni masikio yote mawili. Anacheza wimbo kutoka mwanzo, na sauti ni safi, hakuna krr hata moja, kinanda, gitaa, kwaya inafungua mdomo na kuufunga bila kukwama, ubeti wa kwanza, kiitikio, na sasa anafika mahali ambapo siku tatu hakuwahi kufika, kila mara wimbo ulikatika kabla, na Kinoti alimwambia, sasa anakumbuka, alimwambia vizuri sana, "usijisumbue na wimbo wote, jaribu mwanzo tu," na ubeti wa pili unaingia, na anayeimba ni Kabura. Anaimba vizuri. Anaimba kila kona aliyofundishwa na Gladwell, ile ya kupanda kwenye neno bondeni, ile ya kushikilia pumzi kabla ya neno umenivusha, kona alizozitafuta Gladwell jikoni kwa mama yake akichambua maharagwe ya njahi, zote ziko pale mdomoni mwa Kabura, na yeye mwenyewe yuko wapi, yuko wapi, skrini hii ni ndogo inaonyesha mistari minane tu, anashusha chini, anashusha, na pale chini mahali ambapo hakuna anayeshuka uko mstari wake, mawimbi yake yote ya Jumamosi, na mbele yake herufi moja nyekundu, M, ya kunyamazishwa. Hakufutwa. Amenyamazishwa tu, anabebwa na mashine kila mara wimbo unapopigwa na hasikiki, na huo mzigo wa kumbeba ndio unaokwaruza, na Kinoti alijua, Jumanne alipomshika bega alijua, aliijua sauti ya kumi imetoka wapi na akamwacha atafute kosa lake siku tatu chini ya meza na tochi mdomoni. Ala! Mwalimu! Na yule mwingine anamletea mkate.

Kwa nini Kinoti hakunifuta, anajiuliza, na moyo wake mjinga unaanza kumtetea tayari, labda alishindwa, labda alisema siwezi kuifuta sauti ya Gladwell baada ya yale aliyonifanyia... halafu anakumbuka, na karibu acheke kweli, kumbe hajui kufuta. Hajui! Gladwell ndiye aliyemfundisha kurekodi na kuzima na kuwasha, lakini kufuta hakumfundisha, kwa makusudi, asije akafuta kazi ya watu kwa bahati mbaya. Hakuna huruma hapo, ni kutojua tu.

"Na majina je?" Kabura anauliza huko nje, hedifoni imeteremka shingoni sasa, "kwa kaseti, tunaandika nani ameimba?" na Kinoti anakohoa, "tuandike tu kwaya, si lazima majina," na Kabura anasema, "lakini utamwambia lini, Mwalimu?" kwa sauti ya chini, na yeye anajibu kwa sauti ya chini zaidi, "wazee wakishakubali, ataelewa, Gladwell ni mtu wa kuelewa." Mtu wa kuelewa. Ndiyo, ameelewa mambo mengi huyu mtu wa kuelewa, alielewa mwaka wa tisini na saba Kinoti aliposema hatutapata studio kwa sadaka za kwaya, twende Kenol, Kenol hakuna anayetujua, kuna baa wanatafuta mtu na gitaa, wewe uimbe mimi nipige, jioni za Jumamosi tu, na miezi saba wakaimba nyimbo za walevi, yeye mbele na maiki, Kinoti nyuma kwenye kiti kirefu na kofia imeshushwa hadi puani, na mashine hii ikanunuliwa hivyo, kila skrubu yake ni wimbo mmoja wa Kenol, na wakarekodi kaseti moja ndogo ya kuuza huko huko, na Kinoti kabla ya kila wimbo huhesabu, ni mtu wa Nkubu huko Meru, huhesabu kwa Kimeru hata akipigia Wakikuyu, ĩmwe, ijĩrĩ, ithatũ, inya, na Gladwell kwa mkono wake mwenyewe alikata zile hesabu zote kwenye kaseti, moja baada ya nyingine, kwa sababu Nyeri nzima kwaya moja tu ndiyo inayohesabiwa kwa Kimeru. Akamkata ili amfiche. Na kaseti ikapanda lori la viazi ikaja Nyeri, mama mmoja wa kanisa akaisikia dukani, akasema hii sauti naijua, kwa maana sauti ina sura, gitaa halina, na Gladwell akaitwa mbele ya baraza, wazee tisa na meza ndefu, na Kinoti akaitwa pia, kama mwalimu wa kwaya, aeleze tabia yake, akasimama pale na tai yake ya bluu akasema, "ni pigo kwa kwaya," na Mzee Wahome akamwangalia Gladwell machoni, mzee mpole, aliyembatiza na kumgawia peremende Sunday school, akauliza, "na gitaa alipiga nani?" Chumba kilinuka nta ya sakafu. Kinoti alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ni mtu wa huko Kenol, mzee, sijui jina lake." Gladwell alidanganya mbele ya Mungu na wazee tisa, yeye ambaye hata chenji ikizidi hurudisha, na huko nje kando ya tangi la maji Kinoti alimshika mikono yote miwili akalia machozi ya kweli, "hii nitaenda nayo kaburini, Gladwell, siku moja nitakulipa, haki." Asante ya punda.

Miezi kumi na minne alitengwa. Miezi kumi na minne benchi la mwisho karibu na mlango pale upepo unapiga miguu, hakuna kwaya, hakuna kuomba kwa sauti, na siku ya Meza ya Bwana mkate ukipita unampita kama hayuko, mkono wa mzee unaruka magoti yake, na mama yake, ambaye hakutengwa na mtu, aliacha kiti chake cha mbele cha miaka ishirini akaja kukaa naye nyuma, na mkate ulipofika akatikisa kichwa, na alipoulizwa akasema, "mimi na huyu tunakula sahani moja." Na Kinoti aliendelea mbele pale na mkono wake hewani, ĩmwe, ijĩrĩ, ithatũ, inya, kila Jumapili. Wakati huo wote Gladwell hakuwahi kumhesabia, aliona ni sawa, sauti moja imekwisha lakini kwaya ina mwalimu, alimpa zamu ya kwanza, mbele ya jina lake, mbele ya mama yake, tisini na tisa, na juu yake hakuacha mtu, hakuacha hata yeye mwenyewe. Pasaka hii alirudishwa. Alipiga magoti, akapewa mkono, akaimbiwa, na ubeti huu wa pili ulikuwa wake wa kwanza tangu hapo, Kinoti mwenyewe ndiye alimpa, "huu ni wako," na Jumatatu pale Karatina daktari alimwangalia mama kwa taa ndogo muda mrefu, akaandika, akasema jicho la kulia basi, na la kushoto tutajaribu, na mama wakitoka nje alishika mkono wake kwenye ngazi akasema, "hata nisipouona uso wako, kaseti iko, nitakusikia." Saa nane na dakika kumi. Mama alikuwa akisema hivyo, na hapa Kinoti alikuwa akihesabia mwingine.

Labda wazee ndio walimlazimisha. Labda mmoja alimnong'oneza kwamba kaseti ya kanisa haiwezi kubeba sauti iliyoimba baa, na yeye angeweza kusema, lilikuwa neno fupi tu, hata gitaa liliimba baa, gitaa hilo hilo liko humo kwenye mstari wa pili wa skrini na hakuna aliyelinyamazisha... na hapo Gladwell anatulia. Kitu kinatulia ndani yake, si hasira, hasira ilikuwa inatembea tembea sasa imekaa. Anavaa hedifoni. Ananyamazisha mistari yote na kuondoa ile M nyekundu kwenye mmoja tu, wake, anarudisha mwanzo, na kabla ya sauti yake mwenyewe, pale ambapo bado hajapasafisha, kuna kimya cha chumba hiki, kuna trekta inapita mbali barabarani, na kuna Kinoti, karibu na maiki, kwa upole, ĩmwe, ijĩrĩ, ithatũ, inya. Halafu yeye anaimba. Analia sasa, machozi tu bila kwikwi, lakini mkono haulii, mkono unafungua lile sanduku la zamani la faili ambalo Kinoti hajui kulifungua, unatafuta faili ya kenol, ile ambayo haikukatwa, kwa sababu mtu hukata nakala, asili huiweka, na iko, nayo inaanza vivyo hivyo, chupa zinagongana, mtu anacheka, na sauti ile ile, ĩmwe, ijĩrĩ, ithatũ, inya. Anaziweka mbili kando kwa kando kwenye skrini, ya baa na ya kanisa. Ya Kabura hataifuta, Kabura ataulizwa na moyo wake, na mkate wake. Yeye mwenyewe alidanganya mbele ya wazee tisa na deni hilo ni lake, atatengwa tena kwa uongo, sawa, benchi la mwisho anaijua baridi yake, lakini Mzee Wahome aliuliza swali na miaka miwili inakwisha hajajibiwa, na mzee kama yule si vizuri kumwacha na swali.

Kidole kinarudi juu ya kitufe kikubwa. Chai bado inatoa mvuke, kidogo. Kule chini mlango wa duka la mbegu unalia, na kuna mtu anasalimia watu kwa zamu, polepole, kila mmoja kwa jina, kama anavyosalimia mtu mmoja tu katika mji huu, na Kinoti anaingiza kichwa mlangoni, amefunga tai, anatabasamu kwa wasiwasi, "Gladwell, mzee amefika, bado?"

"Bado kidogo, Mwalimu," anasema, wala sauti si ya mtu aliyevunja sahani, na anamsogezea kile kiti cha plastiki kwa mguu, "wewe kuja ukae."